Kobe Aliyemeza Wimbo

Jumatatu, 7 Aprili

Naandika mimi Jecha, mpiga dumbaki wa kikundi cha taarabu cha Waridi, mkaazi wa Mji Mkongwe, elimu yangu darasa la sita na kidogo, maana la saba niliingia nikatoka. Naandika ili wimbo wetu ukija kuibwa niwe na tarehe. Mwizi siku zote huuliza, "Lini?" Basi mimi lini ninayo.

Mambo yenyewe ni haya. Mwaka jana tulikuwa tukifanya mazoezi ya wimbo mpya, mtu akaurikodi kwa simu, na kabla Sikukuu haijafika wenzetu wa kikundi cha Asumini wakaupiga ukumbini kama walioutunga wao. Sisi tukabaki tumeshika ala kama watu walioshikishwa mizigo ya wageni. Toka hapo simu marufuku kwenye kikundi chetu. Ubwa, mtunzi wetu na mpiga fidla, akaapa kuwa wimbo wa mwaka huu hatousikia mtu mpaka atake mwenyewe. Akaurikodi peke yake, chumbani kwake, kwenye kidude cha muziki cha zamani alichopewa na mgeni mmoja wa hoteli ya Mbweni. Kizito, mgongo wa chuma, kioo kidogo kama stempu, na mtandao hakina hata ukililia. Mimi nakiita kobe.

Mwisho wa Ramadhani Ubwa kanipa kobe kafungwa kwenye leso.

"Kaa naye. Usimsikilize mpaka niseme."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe humwamini hata mkeo."

Idi haikwisha, kiharusi kikampata. Mkono wa kulia umelala, ulimi umelala.

Jana tumemwasha kobe, mimi na Bi Muzdalifa, mwimbaji wetu na mwenyekiti wetu. Kaonesha nembo ya kiwandani, kaganda hapo. Tukamzima, tukamwasha. Nembo. Ubwa haandiki nota wala maneno. Kila kitu alikimwaga humo, na hakuna mwengine anayeujua wimbo ule.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Nembo.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimemfukiza kobe pamoja na dumbaki yangu. Kila Alhamisi ala zetu tunaziweka juu ya chetezo zipate udi na ubani, husda isizikae. Kobe anatazamwa na macho mengi zaidi, kwa hiyo nimemzidishia, tena uso chini ili moshi uingie. Toka kapewa mimi hakuna Alhamisi aliyoikosa.

Bado nembo.

Jumatatu, 14 Aprili

Bi Muzdalifa kasema fundi anayeviweza vidude vya kizamani hapa mjini ni mmoja tu, Mahfoudh, kibanda chake nyuma ya soko la Darajani. Nikamwambia, "Bi Muzdalifa, huyo baba yake ndiye mpiga fidla wa Asumini."

"Najua. Unaye mwengine?"

Sina. Nimekwenda. Mwanamme mrefu, mwembamba, miwani imefungwa uzi.

"Shikamoo, Ami Jecha."

"Marahaba. Baba yako hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu."

"Kajuaje kama nakuja?"

"Hajui, ami. Ndivyo watu wanavyojibu."

Nimeliandika hilo.

Kamchomeka kobe kwenye kompyuta. Kobe anakula umeme vizuri, lakini kompyuta haimwoni kabisa, kama mgeni aliyeingia jikoni akala bila kupiga hodi. Kabadilisha waya, kabadilisha tena. Akasema, "Niachie mpaka kesho, nimwangalie kwa nafasi."

"Sikuachii."

"Basi ami utakaa hapa?"

Nikavuta ndoo, nikaigeuza, nikakaa. Alipofunga kibanda nikarudi na kobe wangu mfukoni, mvua inanipiga mgongoni.

Jumamosi, 19 Aprili

Kibandani tena. Leo kavaa spika za masikioni anapofanya kazi. Nikamwambia azivue. Kauliza kwa nini. Nikasema nataka kujua anasikiliza nini. Kazivua, kanipa nisikilize mwenyewe. Ulikuwa mpira wa jana. Inawezekana alibadilisha haraka.

Mke wangu Riyama kaniuliza, "Siku hizi unakwenda kazini?"

"Nakwenda ulinzini."

"Ungeanza ujanani tungekuwa na nyumba ya ghorofa."

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua toka alfajiri, Darajani maji mpaka kwenye vifundo. Watu wanashikilia makanzu na mabuibui kama wanaovuka mto.

Mahfoudh kachukua lenzi, kachungulia tundu la chini la kobe pale waya unapoingia. Kachukua sindano, kakwaruza. Kikatoka kitu cheusi kinachonata. Kakinusa. Kaniangalia.

"Ami, huyu kafukizwa?"

"Nani?"

"Huyu kidude. Ubani umeganda ndani. Njia ya umeme iko wazi, ile ya kuzungumza na kompyuta imezibwa."

Nikaisogeza ndoo yangu nyuma.

"Mimi hapa zinaletwa simu zimeingia maji ya bahari. Inaletwa simu imeingia uji wa mtoto. Ya kufukizwa ndiyo kwanza naiona."

"Umejuaje kama ni ubani?"

"Mjini hapa nani asiyejua harufu ya ubani, ami?"

Jibu zuri mno. Mtu mwenye jibu tayari mimi humwogopa. Hata hivyo leo Alhamisi na kobe sijamfukiza.

Jumanne, 29 Aprili

Kamsafisha kwa spiriti na brashi, na kompyuta imemwona. Nikainuka kwenye ndoo. Akaniambia nikae, si kama ninavyodhani.

"Inaona mlango tu, ami. Chumbani haioni."

Kanieleza taratibu, na nilipomkatiza kanieleza tena. Kobe ana wimbo, na kobe ana akili inayouamsha wimbo. Wimbo huenda ni mzima. Akili ndiyo iliyoharibika. Njia ya kiwandani ya kumrudishia akili ni kumfuta kwanza kila alichonacho. Njia ya pili ni kumtia akili nyengine, programu isiyo ya kiwandani, inayoingia bila kugusa vilivyomo. Wao mafundi wanasema kuflashi.

"Imetengenezwa na nani hiyo?"

"Watu tu, nchi mbalimbali. Wanajitolea."

"Wanauza bei gani?"

"Bure."

"Bure, wanapata nini?"

"Hawapati kitu. Wanapenda vidude vya zamani visife."

Nimeishi umri wote huu, sijaona mtu wa mbali akampenda kobe wa Ubwa bure. Nimemwambia nitafikiri. Nimefikiri njia nzima mpaka nyumbani na sikupata kitu, ila baridi.

Jumamosi, 3 Mei

Nimekwenda kwa fundi mwengine, sitamtaja. Kamtazama kobe kwa muda wa kupiga chafya. "Huyu tunamfuta mzee, anakuwa mpya." Na kidole kinakwenda. Nimemnyang'anya. Kaniita mwendawazimu, nami nikamwita majina mawili ambayo Riyama hataki niyaandike katika nyumba yenye msahafu.

Jumatatu, 5 Mei

Kwa Ubwa. Yupo kitandani, kaegeshwa mito, uso umekaa upande kama picha iliyotundikwa vibaya. Alitunyoshea sisi sauti miaka yote, leo akitaka maji anagonga kikombe.

Nimemwonesha kobe. Kamchukua kwa mkono wa kushoto, kamweka sikioni, kamtikisa. Kisha kanitazama kwa swali. Nikamwambia habari za ubani. Nusu ya mdomo wake ikacheka. Nikamwambia habari za watu wa bure na za mtoto wa mpiga fidla wa Asumini. Akafumba macho kama mtu anayesikia hadithi anayoijua.

Bi Muzdalifa alikuwepo. Mlangoni akanishika mkono wa kanzu.

"Sikukuu ya Idi Kubwa ni mwezi ujao. Mazoezi lini? Ukiendelea kulinda hivi tutapanda na wimbo wa zamani, na huyu tutamkalisha mbele ausikilize huo wa zamani. Unataka hivyo?"

"Sitaki."

"Basi kesho nenda ukamwambie fundi atie."

"Kesho mvua."

"Jecha."

Alhamisi, 8 Mei

Naandika polepole, nisiruke kitu.

Mahfoudh alinionya mapema. Wakati programu inaingia umeme usikatike, kwa sababu hapo kobe hana akili ya zamani wala mpya, na huenda asiamke tena. Betri yake kobe imechoka, haiwezi kumbeba mwenyewe. Nikamuuliza kwa nini tusingoje siku kavu. Akasema, "Ami, haya ni masika, siku kavu utaikuta Julai." Nikasema bismillahi, tia.

Kioo cha kompyuta kikaanza kujaza mstari. Mimi nimeinama nautazama, Mahfoudh kaniomba nisipumulie kioo. Mstari ukapita katikati. Radi moja, karibu, kama mtu kaangusha mabati. Umeme ukakatika Darajani nzima. Ile kompyuta kubwa yake ikazimika, kobe akazimika, muuza mabeseni wa jirani akasema, "Ushakwenda." Hakukusudia kitu, lakini nilitaka kumpiga.

Nikabonyeza kobe. Kiza. Hata nembo, ile nembo niliyoitukana mwezi mzima, haikuja.

"Umemwua."

"Ngoja, ami."

"Umemwua, na baba yako keshajua atapiga nini Sikukuu."

Mahfoudh kaingiza mkono chini ya meza, katoa laptopu iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Kaifungua, ikawaka, betri imejaa. Juu ya kifuniko ilibandikwa picha ya ua la asumini na jina la kikundi chao lote, kwa herufi za dhahabu.

"Ya nani hiyo?"

"Ya Asumini. Waliniletea niwarekebishie spika. Ndiyo pekee hapa yenye betri."

Nikamkumbatia kobe kifuani. Nikasema haingii humo. Nikasema naweza kukaa hapa mpaka umeme urudi, mpaka kesho, mpaka Idi.

"Programu imekatika nusu. Kwa sasa kuna kitufe na kitufe, nikivishika pamoja atafungua mlango, lakini betri yake ndogo hii ikimaliza kufa hatofungua tena. Sijui ni saa nzima au ni dakika. Ami, mimi si Asumini. Mimi nina baba tu. Ukitaka ondoka naye, sitakuzuia. Ila usiseme tena kwamba nimemwua mimi."

Watu walikuwa wamejikinga mvua barazani na wote wametugeukia. Nilimtazama usoni. Mtu mwenye jibu tayari namjua. Yule alikuwa hana, alikuwa anaogopa kama mimi.

Nikampa.

Kaitia laptopu programu kutoka simu yake, kamchomeka kobe, kashika vitufe viwili kwa kucha. Kiza. Kashika tena. Laptopu ya Asumini ikatoa mlio mdogo, mlango. Mstari ukaanza upya. Nilisoma Ayatul Kursiyyu yote, nikairudia, mstari ukafika mwisho. Kioo cha kobe kikawa cheupe, kisha kikatoa herufi ndogo ndogo za Kizungu, na chini yake orodha ndefu ya majina yasiyo na maana, herufi nnenne zimetupwa ovyo. Mahfoudh akasema ndivyo kobe wa aina ile anavyojiandikia vitu vyake. Vyote vimo.

"Sasa ami, tuvinakili kwenye kompyuta, kwa usalama."

"Usalama wa nani?"

Kavua miwani, kaifuta kwa shati. "Mchukue," akasema. Kanionesha tu pa kusikiliza na pa kufuta, kanambia hapo pa pili nisipaguse.

Jumamosi, 10 Mei

Nimejifungia chumbani na spika za masikioni. Imo sauti ya Ubwa akipanga bei ya papa mkavu. Imo Ubwa akikohoa. Imo mvua ya mwaka mwengine kabisa. Riyama anapita mlangoni kila saa, anajidai anafagia.

Baada ya alasiri nimeupata.

Fidla peke yake kwanza, tamu mpaka nikaona haya kuisikiliza nikiwa nimekaa. Kisha sauti yake mwenyewe, ile nzito, anaimba polepole ili anayejifunza amfuate:

Mlinzi hana usinzi, jicho moja mlangoni
Hata akipita inzi, humuuliza u nani
Kwa kushuku waziwazi, kawachosha majirani
Unomtafuta mwizi, yumo mwako kifuani

Beti ziko nyengine. Moja ina kofia ya mshono wa kijani, na kofia ya mshono wa kijani Waridi nzima ninayo mimi. Moja ina mume anayehesabu sukari ya mkewe. Na mwisho Ubwa anacheka pale pale kwenye kidude, anasema, "Hapa wote wanyamaze, dumbaki peke yake. Ajipige mwenyewe."

Nimevua spika. Riyama kauliza, "Umeupata?"

"Bado."

Jumapili, 11 Mei

Sikula.

Jumanne, 13 Mei

Bi Muzdalifa kaja. Nimemwambia kobe anasumbua, anafungua nusu. Kauliza nusu ipi. Nimesema nusu ya papa mkavu.

Alhamisi, 15 Mei

Hesabu yangu ni hii. Aliyeusikia ni mimi tu, kwa sababu nilimkataza kila mtu asiusikie. Ubwa hawezi kusema. Fundi hakunakili. Nikigusa pale pa pili, wimbo umekwenda, na lawama ni ya radi. Mwaka mzima nimemtafuta mtu atakayeutia mkono wimbo wa Ubwa, baba yake Mahfoudh, Mahfoudh, watu wa bure wa nchi za mbali, na mtu mwenyewe yupo hapa kavaa shuka, kidole kiko juu ya kitufe.

Nikagusa. Kobe akaandika kitu kwa Kizungu, na mkia wa swali. Hata yeye ananiuliza kama nina hakika. Nikamzima.

Jumamosi, 17 Mei

Mahfoudh nimemkuta kwenye duka la mkate. Kasalimia, hakuuliza habari za wimbo. Hilo nalo limenikera. Angeuliza ningejua la kumjibu.

Jumatatu, 19 Mei

Kwa Ubwa, nilitaka tuwe wawili. Nikakaa ukingoni mwa kitanda.

"Nimeusikia."

Macho yake yakanifuata.

"Mshenzi wewe. Tumecheza pamoja toka hatuna ndevu, na unanitangaza mbele ya wanawake wa mji mzima."

Nusu ya mdomo ikaanza kucheka. Nikamwambia asicheke. Ikazidi. Nikamwambia wimbo naweza kuufuta hapa hapa, na nikamtoa kobe nimwoneshe kwamba najua pa kubonyeza. Hapo kicheko kikakatika. Hakuninyoshea mkono kumchukua. Alinitazama tu, na machozi yakatoka jicho moja, lile zima. Kisha mkono wa kushoto ukaanza kugonga ubao wa kitanda. Dum, kimya, taka, dum. Kakosea, karudia. Mkono ule haujawahi kupiga mdundo maishani, ulikuwa wa kushika shingo ya fidla tu. Alikuwa ananifundisha ile sehemu yangu, ya peke yangu, ya mwisho. Miaka yote nimempigia nyuma yake na hakupata kutunga hata wimbo mmoja unaonyamazisha fidla nisikike mimi.

"Unaikosea," nikamwambia. "Taka mbili."

Nikaigonga ubaoni. Akafumba macho, akasikiliza mpaka nikamaliza.

Jumanne, 20 Mei

Nimempelekea Mahfoudh kobe, nimemwachia na nikaenda zangu kununua ndizi. Anakili popote atakapo. Nimerudi nikamkuta kavaa spika, uso umemwiva kwa kuzuia kicheko. Nikamwambia, "Cheka, usije ukapasuka." Akacheka mpaka miwani ikadondoka. Akaniuliza kama kweli nahesabu sukari. Nimemwambia ashughulike na ubani wake.

Alhamisi, 22 Mei

Mazoezi. Bi Muzdalifa kausikiliza mara moja, kanitazama, kausikiliza tena. "Una hakika tuupige?" Ni mtu wa pili kuniuliza, nikihesabu kobe. Nikasema waanze kabla sijabadili mawazo. Ala hazikufukizwa na mimi leo, kafukiza yeye. Kobe kawekwa mbali, juu ya kabati.

Jumapili, 8 Juni

Mvua imekwisha toka juzi. Jana ilikuwa Sikukuu mosi na ukumbi ulijaa mpaka ngazini.

Ubwa alikaa mbele kwenye kiti cha magurudumu, kanzu nyeupe, kofia wamemvika ya kwangu ya mshono wa kijani, nani kawapa sijui, namshuku Riyama. Asumini walikuja wote. Walipiga wimbo wao kwanza, mpya, mzuri, si wetu. Baba yake Mahfoudh aliposhuka kapita karibu yangu, kasema, "Haya mzee, tuoneshe." Kumbe hakujua hata herufi ya wimbo wetu.

Bi Muzdalifa alipofika kwenye "inzi" wanawake wakaanza kutazamana. Alipofika kwenye kofia ukumbi ukaniangukia. Wakatoka kutunza, mmoja, wawili, safu nzima, wanacheza kwa mabega, noti vidoleni, nyuso zimeelekea kwangu na si kwa mwimbaji. Kwenye sukari akatoka Riyama. Mke wangu, aliyeniambia miguu inamuuma hawezi kuja. Kavaa kanga mpya, kapita polepole mbele yangu, kamtunza Bi Muzdalifa, kanitazama, kaomba beti irudiwe. Ikarudiwa.

Kisha fidla ikanyamaza, na mimi nikabaki peke yangu na dumbaki. Nilimtazama Ubwa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unagonga goti, na pale pa taka mbili alipata.

Jumanne, 10 Juni

Simu zilikuwa juu ukumbi mzima na sikuwa na nguvu za kukataza. Wimbo umeshafika kila mtaa. Leo Darajani muuza samaki, mtu nisiyemjua, kaacha mizani yake kaniuliza eti ni kweli yule mlinzi wa kwenye wimbo ni mimi.

Nikamuuliza, "Nani kakutuma?"